Mafuta ya Kupima na Gunia la Mahindi

Neema mwanangu,

Wasalimie Baba Imani na watoto. Huku Kayole hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo kwa hii baridi ya Julai, na ile sweta uliyomletea ameikunja vizuri akaiweka, eti ni ya kanisani.

Swali lako la juzi halikuwa la kujibiwa kwa simu, tena wewe ukiwa ndani ya matatu. Ulisema tangu kandarasi ya Baba Imani iishe mmeanza kuhesabu kila shilingi, na hesabu imekuonyesha kwamba mafuta ya kupikia ya kupima ni ghali kuliko ya chupa, sukari ya robo ni ghali kuliko ya kilo, na majani chai ya pakiti ndogo ndiyo wizi kabisa. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kwani ulikuwa hujui? Mbona ulikuwa unanituma dukani kila jioni na kikombe?" Ukataka kujua pia kama nanyi mwache ununuzi wa mwisho wa mwezi mrudi kwa kadogo, yaani kununua ya leo tu.

Nilikuwa najua. Mtu aliyeuza mboga hafundishwi bei ya rejareja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinunua kreti la nyanya soko la Marikiti nikaja kuliuza kwa mafungu ya nne nne, na faida yangu ilitoka kwa watu walionunua nyanya vile mimi nilivyonunua mafuta. Hakuna aliyekuwa akimdanganya mwenzake.

Lakini hebu piga hesabu yako tena, safari hii ukiwa umesimama nilipokuwa nimesimama mimi. Tutumie bei za siku hizi, za zamani zitatuchanganya. Tuseme chupa ya lita ni 320, na ukipima ya 20 kila jioni, hadi ufikishe lita utakuwa umetoa 380. Umepoteza 60, na hapo ndipo ulipoweka kalamu chini. Mimi ningeendelea. Siku ya kwanza mwenye chupa ametoa 320, mimi nimetoa 20. Ile 300 yangu iko wapi? Imelala chini ya mto, na alfajiri inapanda gari nami kwenda Marikiti, inageuka nyanya, dania na vitunguu. Jioni imerudi na kitu juu yake. Kesho inaenda tena. Kabla mafuta ya mwenzangu hayajafika nusu ya chupa, 300 yangu imeshalipa ile 60 na kubakisha. Mafuta yaliyokaa kabatini hayazai. Ningejaza jikoni chakula cha mwezi mzima, ningekuwa nimefungia mtaji wangu kwenye kabati, halafu niende sokoni na nini?

Na mtoto akiugua usiku, hakuna kliniki inayopokea unga.

Sababu nyingine ni ndogo, ila mwenye watoto ataielewa. Kitu kikiwepo kinaliwa. Kaka yako akijua kuna kilo ya sukari ndani, uji wake ulikuwa haunyweki na mtu mwingine kwa utamu. Ikiwa robo, kila mtu alijipima mwenyewe bila kugombezwa. Na ile ploti yetu ilikuwa ya milango kumi na miwili, bomba moja, na kila mlango una mtoto anayetumwa na kikombe: "Mama amesema umsaidie kidogo." Sikuwa mchoyo, unajua. Lakini nilipokuwa nimepima ya leo tu, nilisema nimepima ya leo tu, na jirani aliona kwa macho yake. Hakuna aliyenuna.

Sasa, kuna vitu sikuwahi kununua kidogo kidogo. Sabuni, kwa mfano. Bila shaka unaukumbuka ule mche mrefu. Baba yako alikuwa anaulaza mezani juu ya gazeti, anaupitishia waya wa breki ya baiskeli chini yake, anashika ncha mbili na kuvuta kwenda juu, kipande kinaanguka kimenyooka kabisa. Vipande nilivipanga juu ya kabati kimoja mbali na kingine ili hewa ipite, vikakaa wiki kadhaa mpaka vikawa vigumu vya kugongea mlango. Sabuni mbichi huyeyukia kwenye karai kabla hujamaliza kola za mashati ya shule. Iliyokauka hudumu. Kile kipande cha dukani huwa kimekatwa asubuhi hiyo hiyo, bado kinatoa jasho. Kwa hiyo kwa sabuni nilipata faida mara mbili, ya bei na ya ukavu. Na hakuna mtoto atakayemaliza sabuni kwa sababu ameiona. Chumvi na kiberiti ni vivyo hivyo.

Usije basi ukadhani kila cha jumla ni nafuu. Chukua maharagwe. Makavu yana bei nzuri ukiyatazama guniani, sawa, lakini hayaliwi makavu. Uyachemshe kwa gesi kwa muda wa saa mbili, wakati mwingine zaidi kama ni ya zamani, halafu uniambie umeokoa nini. Yule mama wa kibandani anayeuza madondo, yaani maharagwe yaliyochemshwa, na githeri ana sufuria moja kubwa juu ya moto mmoja, na moto huo wanaulipia wateja wote kwa pamoja. Nilinunua kwake nikakaanga mwenyewe nyumbani, na watu wengine walidhani ni uvivu. Wewe una friji. Ukitaka makavu, yaloweke usiku kucha, uchemshe sufuria kubwa Jumamosi, ugawe kwenye mikebe. Bila hivyo, nenda kwa yule mama.

Na ukinunua nafaka kwa gorogoro, pitisha kidole kwenye kitako kwa ndani. Kuna wauzaji wanaokigonga kiingie juu, na mkebe wa kilo mbili hauwi tena wa kilo mbili. Mimi nilienda na gorogoro yangu. Walinichukia kidogo.

Kadogo ina ubaya wake, nao tuliuona Januari 2008. Ulikuwa darasa la saba, utakumbuka. Kadogo inataka duka liwe wazi kila siku, na mwezi ule baada ya uchaguzi maduka yalifungwa, barabara zikazibwa, na kilichopatikana kiliuzwa bei ya kuchagua muuzaji. Mwenye unga wa siku moja ndani alilala na siku moja. Tangu wakati huo tukaanza mambo ya gunia, mimi na akina mama wawili wa ploti. Gunia la mahindi ni kilo 90, tukigawana watatu ni kilo 30 kila mmoja. Tunasagisha kidogo kidogo kwa mashine, na hayo mahindi hayageuki uji kwa sababu ya hamu ya mtu. Aprili 2020, Nairobi ilipofungwa kwa korona na kafyu ikawa saa moja jioni, watu walikuwa wakikimbizana na saa kwenda dukani. Sisi tulikuwa na mahindi chini ya kitanda.

Kwa upande wenu, nionavyo, hamna haja ya kuchagua kadogo ama jumla. Nyumba yenu sasa ina pesa za aina mbili. Yako ya mshahara inakuja mara moja kwa mwezi. Ya Baba Imani, tangu aanze kubeba mizigo kwa pikipiki, inakuja kila jioni, siku nyingine nyingi, siku nyingine ya mafuta ya pikipiki tu. Usizichanganye. Ya mwezi ilipe vitu vinavyokuja kwa mwezi: kodi kwanza, kabla hujanusa kitu kingine, kisha shule, kisha sabuni, chumvi na nafaka kavu. Ya jioni ilishe jioni: sukuma, nyanya, maziwa ya kupima ya mashine, mafuta ya kupima, bila aibu. Siku pikipiki imelala, mle mboga bila nyama, na mshahara usiguswe kuziba pengo la jioni moja. Ninachokiona kikiwaumiza ni kwamba bado mnanunua kama watu wa mishahara miwili, mnajaza troli tarehe mbili, na tarehe kumi na tano mko kwenye mkopo wa simu. Ukikopa ili ununue kwa jumla, ile 60 umeshairudisha kwa riba, tena na dada zake.

Imani yuko shule ya umma, sivyo? Basi mjazie pesa ya chakula cha ule mpango wa kaunti, Dishi na County. Tangu 2023 sahani ni shilingi 5 kwa mzazi. Siku tano ni 25. Hakuna mahali utapata wali na ndengu kwa bei hiyo, hata ukipika mwenyewe. Ulisema anaona haya kwa sababu rafiki yake anabeba chakula cha nyumbani. Haya ya mtoto wa miaka kumi inaisha akishiba. Mwangalie tu asipoteze kile kibangili cha mkononi anacholipia chakula.

Bima yako ya afya, SHIF, inakatwa kazini, asilimia 2.75 ya mshahara, kwa hiyo hiyo imejilipa. Sisi tusio na mwajiri tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na haipungui 300 kwa mwezi, yaani 3,600 siku moja. Hebu fikiria, serikali inauza kwa jumla kwa watu wa kupima! Chama chetu cha akiba tumeamua kila mtu aweke 70 kwa wiki, na mwaka ukizunguka inatosha na senti za chai. Mambo yanayotaka pesa nyingi kwa mara moja, mimi huyapeleka chamani. Nyumba peke yake haiwezi kuyangoja bila kuyala.

Uliuliza pia kwa mkato kama watoto waambiwe. Wanajua, mwanangu. Wameona soseji zimeacha kuja. Mwambie Imani kwamba mwezi huu pesa ni ya kupangwa, umtume dukani hapo chini na mia moja, arudi na chenji na aihesabu mbele yako. Wewe ulijifunza hesabu ya kutoa kwa mafuta ya kupima kabla mwalimu hajaifikia hiyo mada. Lakini madeni usimwonyeshe. Mtoto akijua unadaiwa na mwenye nyumba ataanza kukataa daftari jipya, na hutajua kwa nini anaandika kwenye majalada.

Na kitu kimoja kuhusu mume wako, ambacho hukuniuliza. Pesa ya jioni usiipokee wewe ndipo uigawe. Aitoe yeye mwenyewe mfukoni, ampe Imani mkononi: "Nenda ulete unga na maziwa." Amekaa ofisini miaka mingi akituma pesa kwa simu bila mtoto kuiona. Sasa ni ndogo, wacha waione ikitoka kwake. Na usiseme "baba yenu hana kazi" hata kwa mzaha. Anayeamka saa kumi na moja kuwasha pikipiki ana kazi.

Nije kwa gunia sasa. Mmoja wa wale akina mama wawili amerudi kijijini, kwa hiyo nafasi moja iko wazi na nimesema kwanza nikuulize wewe. Hatununui saa hizi. Julai mahindi ni ya akiba na bei iko juu. Tunangoja mapya ya Kitale yaanze kushuka kuanzia Oktoba, tunanunua Novemba hivi au Desemba, yakishakauka vizuri, maana mahindi mabichi yakifungiwa guniani yanaota kuvu, na kuvu hiyo ni sumu hata ukisaga. Kuyapima ni rahisi: chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, hayajakauka, mwachie muuzaji. Hiyo kazi ya chupa nitamwachia Imani akija likizo.

Ukikubali, anza kuweka 100 kila Ijumaa kwa ile namba ya mweka hazina, na gharama ya gari kutoka sokoni tutagawana. Nijulishe kabla ya Jumapili, maana Mama Kevo wa mlango wa saba naye ameulizia hiyo nafasi, na nimemwambia angoje.

Mama yako.