Kundi la waandishi si mahali pa kuvishana vilemba vya ukoka

Ukitaka watu wa kuandika nao, usianze kwa kuwauliza wanaandika nini. Waulize wanasoma nini. Asiyesoma atakusikiliza huku akingoja zamu yake ifike, basi.

Mimi ladha yangu haina mpangilio. Nikikwama na muundo wa hadithi, nachukua Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Sehemu kubwa ya kitabu ni mshtakiwa, Karama, akijitetea mbele ya mfalme, lakini safari na nchi jirani zote zinapita mle mle barazani kwa kinywa chake. Anayedhani hadithi fupi haiendi bila wahusika kumi na wanane akisome. Nikitaka kucheka narudi kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi na kiko chake. Kwenye ushairi nina Kichomi cha Kezilahabi, diwani ya 1974 iliyoweka kando vina na mizani na kuwachefua washika arudhi. Naipenda sana, ingawa nusu ya moyo wangu bado iko kwa washika arudhi.

Kundini kwetu hakuna hata mmoja anayesoma kama mimi, na ndiyo raha yake. Yuko dada wa riwaya za mapenzi tu, yuko kaka asiyegusa kitabu kisicho na maiti, na yuko mzee wetu wa tenzi, ambaye akisikia sentensi inachechemea hukunja uso kabla hajajua kwa nini. Mkipenda vitabu vilevile, mtasameheana makosa yaleyale.

Utaratibu wetu ni huu: mwingine anaisoma kazi yako kwa sauti, wewe unanyamaza. Kunyamaza kunauma, hasa msomaji anapojikwaa pale ulipopaonea fahari. Lakini ukiisoma mwenyewe utaibeba kwa sauti yako, na kitabu hakiendi kwa msomaji na sauti ya mwandishi. Kisha kila mtu anasema wapi alizama na wapi alitoka nje ya hadithi. “Imenigusa” haikubaliwi mpaka uonyeshe mstari.

Kuna siku ilisomwa hadithi ya mwenzetu kuhusu mjane. Aya ilianza: “Moyo wake ulijaa huzuni isiyo kifani.” Mistari miwili chini, yule mjane anatandika kitanda, anaweka mito miwili, anatazama, anaondoa mmoja. Dada wa mapenzi akasema, “Mto umeshasema. Huo moyo unafanya nini hapo?” Mwenye hadithi akatetea sentensi yake kwa macho tu, maana kanuni ilimfunga mdomo. Toleo lililofuata lilianza na mito.

Sifa nazo ni kazi, tena ngumu kuliko kukosoa. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumwacha aende na kasoro zake kwa mhariri asiyemjua. Ila anayekosoa tu kila wiki naye mtazameni vizuri. Mara nyingi ana muswada wake umelala.

Sasa, maoni yakishatoka usiyatii yote. Watatu wakikwama ukurasa uleule, pana tatizo hapo hata kama kila mmoja ana dawa yake tofauti. Dawa zao ziache, wanakuandikia hadithi zao. Akikwama mmoja tu, pima ni nani: kaka wa maiti akilalamika kwamba shairi la mapenzi halina mwuaji, mshukuru, endelea.

Idadi isikusumbue. Wawili wanatosha kuanza, na zaidi ya sita wengine watakuwa watazamaji. Muhimu ni kurasa kufika siku mbili tatu kabla ya kikao. Anayekuja mikono mitupu aje tu, asome za wenzake. Ila asipewe dakika ya kusimulia riwaya anayokusudia kuiandika. Akishaisimulia vizuri, hamu ya kuiandika humwishia.