Alama za waifai zimejaa, intaneti hakuna: kabla hujanunua busta

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 16 hapa Ipagala, Dodoma. Fundi alinifungia aksesi pointi nne (vifaa vya kurushia waifai) na swichi ya poti 24, yaani kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao, akaweka majina mawili ya waifai, la ofisi na la wageni. Yote yalifanya kazi wiki mbili. Umeme ulipokatika na kurudi, la ofisi likaendelea vizuri, ila kwenye la wageni simu inaandika "inapata anwani ya IP" halafu inakata, ingawa alama zimejaa. Fundi anasema mawimbi ni dhaifu, ninunue busta nne, vile vifaa vya kurudia mawimbi ya waifai yafike mbali. Bunge la bajeti linaanza Aprili na vyumba vitajaa. Nifanyeje?

JIBU: Mama, usinunue hata moja.

Alama zile zinaonyesha jinsi simu inavyosikilizana na aksesi pointi iliyo darini, basi. Unaweza kukata waya wa intaneti kwa kisu na alama zikabaki zimejaa vilevile. Kama mawimbi yangekuwa dhaifu, na waifai ya ofisi ingekufa, maana inarushwa na vifaa vilevile. Sijui kama fundi wako hajui hilo au anajua. Sijui pia lipi ni baya zaidi.

Ulipotaja umeme umenirahisishia kazi. Swichi ya kusetiwa huwa na mipangilio ya aina mbili: inayotumika sasa hivi, na iliyosevuwa, ambayo husomwa kila swichi inapowaka. Karibu nina hakika fundi alibadilisha ya kwanza, akaona simu imeshika, akakunja waya zake akaondoka. Hakusevu. Umeme uliporudi, swichi ikawa imewasahau wageni wako.

Ofisi na wageni wanapita kwenye waya mmoja kutoka kila aksesi pointi. Kinachowatenganisha ni VLAN, yaani mitandao tofauti ndani ya vifaa vilevile: pakiti za mgeni (vipande vya data yake) hubandikwa namba, tuseme 20, kama mzigo unavyoandikwa jina stendi kabla haujapakiwa kwenye basi. Poti inayozipokea lazima iwe tranki, yaani inayoruhusiwa kupitisha VLAN zaidi ya moja. Ikirudi kuwa poti ya aksesi inajua VLAN moja tu, na pakiti ya 20 inatupwa. Ombi la simu la kupewa anwani halifiki kwenye ruta, ambayo ndiyo inayozigawa. Ukijaribu kwa laptopu ya Windows itajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, ishara kwamba haikupewa yoyote, na hapo ubishi umekwisha. Fundi, mwingine ikibidi, azifanye tranki poti nne za aksesi pointi pamoja na ile ya ruta, aruhusu 20, aiache ya ofisi ipite bila namba kama sasa, kisha asevu. Akiisahau ya ruta atarudi kesho yake.

Sasa busta, maana haipiti wiki sijaulizwa. Busta haina intaneti yake. Ile ya bei rahisi yenye redio moja husikiliza pakiti kisha huirudia kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Na masafa ya waifai ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Aksesi pointi zako nne tayari zinabanana hapo. Ongeza busta nne uone kelele. Chumba ambacho mawimbi hayafiki kweli, kivutie waya usiozidi mita 100 na ufunge aksesi pointi.

Vishoka wengine silaha yao ni sindano. Tatizo lolote, anabonyeza kitundu cha riseti. VLAN zote zinafutika, nywila inarudi kuwa ya kiwandani, anaseti jina moja la waifai kwa wote, anapokea hela. Niliitwa hoteli moja mjini hapa iliyokwisha kulipia "matengenezo" ya hivyo mara tatu. Mgeni yeyote angeweza kufungua ukurasa wa ruta kwa nywila iliyochapwa kwenye stika, na kompyuta ya mhasibu ilikuwa mtandao mmoja na vyumba vyote.

Kwa hiyo fundi akimaliza, mdai nywila na faili la mipangilio kwenye flashi. Kisha chomoa swichi na ruta ukutani mbele yake, zirudishe, zipe dakika tano, ujiunge na waifai ya wageni kwa simu yako mwenyewe. Hela itoke baada ya hapo.