Mstari wa kukopi ukijaa usichomoe kwanza

Jamani haya maneno ya kutolea flashi au diski kwenye kompyuta, "Eject", "Unmount" na "Safely Remove", yaliniumiza, nayaongelea ili yasikukute na wewe.

Harusi ya dada nilikuwa nakopi video toka kwenye laptopu yenye Ubuntu kwenda kwenye ekstano (diski ya nje ya kuchomeka), ule mstari ukajaa mpaka mwisho, nikaklik kulia naona "Unmount" na "Safely Remove Drive" zimepangana, sikujua ipi ni ipi, nikasema si imeshamaliza, nikachomoa. Kwenye laptopu nikafuta. Kufika nyumbani majina ya mafaili yapo yote ila video za ndoa yenyewe hazifunguki, dada alilia sana na mpaka leo zile za msikitini hatuna.

Kumbe mstari ukijaa kuna data bado zimekaa kwenye ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zinasubiri kuandikwa. "Unmount" inazimalizia kisha inafunga hiyo patisheni (sehemu ya diski) moja tu, diski yenyewe bado ina umeme. "Safely Remove Drive" inaachia diski nzima. Zote zinaokoa data ila lazima usubiri imalize.

Windows nako wameandika "Safely Remove Hardware and Eject Media". Mama yangu hadiwea anayoijua ni duka la saruji na misumari, midia ni redio na tivii, sasa atajuaje kwamba anaambiwa habari za flashi? Simlaumu hata kidogo. Na hiyo "Eject" ni ya enzi za sidii, ilikuwa inatemwa kweli unaiona, flashi haitemwi na chochote.

Kuna watakaokwambia siku hizi chomoa tu. Ni kweli toka Windows 10 toleo la 1809, mwaka 2018, kawaida yake haizikalii data za flashi, ila kama kuna faili linaandikwa muda huohuo bado utalikata katikati.

Mi nikishaklik nasubiri ujumbe, na kama ni diski ya kuzunguka naweka kiganja juu, nasikia kale katetemeko kanapungua pungua mpaka kanakata kabisa, ndo nachomoa. Ikigoma ikasema inatumika mara nyingi ni video umeiacha wazi kwenye pleya, funga kila kitu, ikigoma tena zima kompyuta. Na kabla hujafuta kule ulikotoa, chomeka upya ufungue mafaili mawili matatu ya mwisho uone yanacheza.