Gaweni nyimbo, shikilieni maamuzi: somo la Arctic Monkeys kwa bendi changa

Vijana wanaoanzisha bendi huniuliza swali lilelile kila tukikutana baada ya mazoezi: kaka, tuzitoe nyimbo zetu bure, au tuzifungie mpaka tupate lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki? Nimecharaza gitaa la besi kwa miaka mingi, hotelini, harusini na kwenye studio za kukodi kwa saa, na jibu langu hulitoa kwa kuwasimulia habari za bendi ya Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Arctic Monkeys walijua mapema kitu cha kugawa na kitu cha kung'ang'ania. Rekodi waligawa. Maamuzi hawakumpa mtu. Bendi nyingi nilizoziona zikifa zilifanya kinyume chake: nyimbo zilifichwa kama dhahabu, halafu akaja mtu wa kwanza mwenye ahadi tamu akaachiwa achague jina, mavazi na hata wimbo upi uanze.

Wenyewe walikuwa watoto wa High Green, kitongoji cha pembezoni mwa Sheffield. Mwaka 2002 Alex Turner na Jamie Cook walikuwa na magitaa, Andy Nicholson ana besi, na Matt Helders akachukua drams kwa sababu ndicho chombo kilichobaki. Hakuwa mpigaji. Alijifunzia humohumo ndani ya bendi, na mwaka 2016 Iggy Pop, mzee wa roki wa Marekani, alimchukua ampigie drams kwenye albamu na ziara yake. Kwa hiyo msikae mkimsubiri fundi aliyekamilika atokee. Tafuteni mtu wa mtaani kwenu anayefika mazoezini kwa wakati na anayeweza kukaa nanyi chumba kimoja bila ugomvi. Vidole hufundishika.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa tarehe 13 Juni 2003, katika baa iitwayo The Grapes katikati ya mji. Angalieni tarehe hizo: tangu wakusanyike mpaka wapande jukwaani ulipita muda mrefu wa mazoezi matupu, bila mtu wa kuwapigia makofi.

Muziki waliouchagua una faida yake kwa mtu anayeanza. Ni roki ya gereji: magitaa mawili yenye mkwaruzo, drams za kasi, sauti ghafi kama vile kila kitu kimerekodiwa kwa pigo moja. Bendi ya The Strokes ya New York walikuwa wameurudisha mtindo huo midomoni mwa watu mwaka 2001, na vijana wengi wa Uingereza wakaufuata. Mtindo huu husamehe vidole vizito, lakini hausamehe mapigo yaliyolegea. Hakuna kinanda cha kufunika shimo, hakuna tarumbeta za kupoza. Besi na drams zikiachana kidogo tu, ukumbi mzima umesikia. Ndiyo maana nawaambia wapiga besi: nusu ya kwanza ya mazoezi kaeni na mpiga drams peke yenu, magitaa yasubiri nje. Waimbaji hawapendi utaratibu huu. Wavumilie.

Sasa kuhusu kugawa. Walirekodi demo, yaani rekodi za majaribio, katika studio ndogo ya Sheffield iitwayo 2fly, pamoja na Alan Smyth, kisha wakachoma nakala kwenye CD na kuwapa watu waliokuja kuwaona. Nakala zilikuwa chache kuliko mikono iliyozitaka, hivyo waliopata wakaziingiza kwenye kompyuta na kuwatumia wenzao. Mkusanyiko wa nyimbo hizo ukazunguka kwenye intaneti kwa jina la Beneath the Boardwalk, na mashabiki ndio waliofungua ukurasa wa bendi kule MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma wakati huo. Wanamuziki wenyewe hawakuwa na habari nao.

Hapa ndipo simulizi hupindishwa. Mtasikia wakisema hii ni bendi iliyozaliwa na intaneti, na kijana anayesikia hivyo anahitimisha kwamba kazi yake ni kupakia wimbo na kusubiri. Sikubaliani kabisa. Intaneti ilibeba kitu ambacho tayari kilikuwa kinapigwa kwenye kumbi ndogo, mbele ya watu waliotoka jasho. CD ile ilikuwa na kazi moja: aliyeipata leo, akirudi wiki ijayo awe anajua maneno. Walipofika kwenye tamasha la Reading na Leeds mwaka 2005, walipangwa jukwaa dogo, na umati uliofika haukulingana na jukwaa hilo. Watu waliimba nyimbo ambazo hazijawahi kuuzwa dukani. Mkiweka wimbo wenu kwenye mitandao bila kuwa na onyesho linalofuata, msikilizaji akishaupenda mnamwambia aende wapi?

Na wale wanaoogopa kwamba cha bure hakinunuliwi, wasikie hesabu. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari 2006, na nyimbo nyingi zilizomo zilikuwa zimeshazunguka kwa muda mrefu katika sura ya demo. Wiki ya kwanza iliuza nakala 363,735 nchini Uingereza, na kati ya albamu za kwanza za bendi, ndiyo ikawa iliyouzwa kwa kasi kuliko zote nchini humo hadi wakati huo. Mwaka huohuo ikachukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza. Hawakuuza demo zilezile, lakini. Waliingia studio huko Lincolnshire na prodyuza Jim Abbiss, wakarekodi upya. Nakala ya kugawa iwe nzuri kiasi cha kupendwa. Ya kuuza iwe bora zaidi, ili aliyepewa ya kwanza asijione mjinga kununua ya pili.

Upande wa maamuzi walikuwa wagumu, na hapa nawaomba msome polepole. Maskauti, yaani wasaka vipaji, wa makampuni ya muziki walipoanza kumiminika Sheffield, bendi ilikataa kuwahakikishia nafasi za bure mlangoni. Makampuni yaliwaambia wimbo huu tunaupenda lakini kipande hiki kibadilisheni, hawakubadilisha. Mei 2005 walitoa kazi yao ya kwanza kwa lebo yao wenyewe, Bang Bang Recordings: CD 500 na santuri 1,000, basi. Mwezi uliofuata wakasaini na Domino, lebo huru, isiyo chini ya makampuni makubwa, ya Laurence Bell, mtu aliyekuwa na sifa ya kusaini bendi anazozipenda yeye mwenyewe. Fedha kubwa zilikuwa mezani kwingine. Oktoba wimbo wao wa kwanza chini ya Domino ukaingia chati moja kwa moja kwenye namba moja.

Nimekaa na wanamuziki wengi wakati wa kusaini, na karibu wote huuliza kiasi gani kwanza. Ulizeni kwanza nani atakuwa na neno la mwisho. Nani anachagua prodyuza? Nani anaamua wimbo upi utangulie? Rekodi kuu (master) inabaki mali ya nani, na kwa miaka mingapi? Je, lebo ikikaa na albamu yenu kabatini bila kuitoa, mnaweza kuichukua na kuondoka? Majibu yote yaandikwe. Na nyinyi kwa nyinyi pia andikeni: nani kaandika maneno, nani katunga muziki, mirabaha itagawanywa vipi. Fanyeni hivyo wakati hakuna fedha yoyote, maana fedha ikishaingia hakuna anayekumbuka mazungumzo ya kirafiki.

Juu ya maneno ya nyimbo nitasema kidogo. Turner aliimba kwa lafudhi ya kwao, akaandika alichokiona: mabaunsa, foleni za teksi, vijana waliokamatwa usiku. Wimbo wao wa pili kufika namba moja, mwanzoni mwa 2006, unahusu biashara ya ngono katika eneo la Neepsend, palepale walipokuwa na chumba chao cha mazoezi. Waliona kitu njiani wakienda kazini, wakakiandika. Hakuna somo la utunzi linalozidi hilo kwa mtu wa umri wao.

Kisha kuna jambo ambalo vijana hawapendi kulizungumza. Mei 2006, miezi minne tu baada ya albamu ile, ilitangazwa kwamba Andy Nicholson hatasafiri na wenzake kwenda Amerika Kaskazini kwa sababu ya uchovu wa ziara. Mwezi uliofuata ikathibitishwa kwamba ameondoka kabisa. Nick O'Malley, rafiki yao wa hukohuko kwao, alikuwa ameshashika besi. Mimi ni mpiga besi, na habari hii hunigusa kila nikiisoma. Huyu ni kijana aliyekuwapo tangu siku za The Grapes, na mafanikio yalikuja kwa kasi ambayo mwili na akili havikuibeba.

Bendi ilienda mbele, tena haraka: albamu ya pili Aprili 2007, na mwaka huo wakawa vinara wa usiku mmoja wa Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza. Lakini nawasihi, msisubiri mwenzenu azimike. Kwenye kila safari wekeni siku ambazo hakuna anayeshika chombo. Mwenye dalili za kuchoka aulizwe na mwenzake, asiulizwe na meneja, kwa kuwa meneja ana tarehe za kulinda. Na mzungumze mapema, kukiwa na amani, mtafanya nini mmoja wenu akihitaji kupumzika: nani atamshikia nafasi, na atarudi vipi. Bendi ikifanya mazungumzo hayo siku ya dharura, mtu huumia.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ile ya 2009. Walikuwa na fomula iliyowapa kila kitu. Wangeweza kurudia mwendo uleule wa kasi kwa albamu nyingine tatu. Badala yake walikwenda jangwani California, kwenye studio ya Rancho De La Luna huko Joshua Tree, wakafanya kazi na Josh Homme wa bendi ya roki ya Queens of the Stone Age. Ilitoka Humbug, albamu nzito, ya polepole, yenye giza. Haikuuza kama ile ya kwanza, na mashabiki wengi waliona wamesalitiwa. Mimi nasema bila Humbug isingekuwapo albamu ya AM ya mwaka 2013, kwa sababu jangwani ndiko walikojifunza kupunguza mwendo na kuacha gitaa lipumue. AM iliongeza juu ya uzito huo midundo yenye harufu ya hip-hop, na ndiyo iliyowafungulia Marekani kwa upana. Bendi ilikuwa na miaka 11. Hiyo ilikuwa albamu yao ya tano, na zote tano ziliingia chati ya Uingereza kwenye namba moja, zikiwa chini ya lebo huru ileile.

Kwa hiyo albamu yenu ikipokewa vibaya, kabla hamjaitupa jiulizeni ilichowafundisha kufanya ambacho hamkukiweza kabla yake. Usikilizeni ujuzi huo mpya. Pengine wimbo mnaoutafuta umo ndani yake, ila haujapata mdundo wake.

Mwaka 2018 walibadilika tena. Turner alikuwa amepewa piano alipotimiza miaka 30, akaanza kutunga akiwa ameikalia, na albamu iliyotoka ina hoteli ya mwezini na gitaa kidogo sana. Hawakutoa wimbo hata mmoja wa kuitangulia. Ikafika namba moja. Ile ya 2022, The Car, iliishia namba mbili, nao wakaendelea na ziara zao kama kawaida.

Jambo la mwisho ni kwa waimbaji. Walifuta onyesho la Dublin la tarehe 20 Juni 2023 kwa sababu koo la Turner lilikuwa limevimba, na siku tatu baadaye akasimama Glastonbury, mara ya tatu kwa bendi yao kuwa vinara pale. Nimewaona waimbaji wakilazimisha sauti kwa chai ya tangawizi na ukaidi ili tu wasimuudhi mwenye ukumbi, kisha wakakaa miezi bila kuweza kufikia sauti za juu. Daktari akisema pumzika, mpigieni mwenye ukumbi asubuhi hiyohiyo, mumpe tarehe nyingine, na waliolipa kiingilio warudishiwe fedha zao bila kuzungushwa.