Simu Yako Haijaharibika, Mwanangu

SWALI: Shikamoo mama. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Juzi rafiki yangu alinirushia filamu ya Frankenstein ya mwaka 1910, ile ya msomi anayeunda kiumbe mfano wa mtu. Haina sauti kabisa, haifiki hata robo saa, na yule kiumbe hasemi neno, wakati kitabuni anaongea mpaka unamhurumia. Mdogo wangu, mpiga kinanda wa kwaya, anasema simu yangu imeharibika. Ni kweli? Na ule moto unaogeuka kuwa mtu waliufanyaje zama zile?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Simu yako ni nzima na filamu ni yenyewe. Wakati ule mkanda haukubeba sauti, na hadithi nzima ilitakiwa ienee kwenye mkanda mmoja wa futi 1,000 hivi. Ndiyo maana kampuni ya Edison ya Marekani ilichota vipande vichache tu vya riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, na ikaandika mwanzoni kabisa kwamba haikuifuata neno kwa neno.

Moto sasa. Nilipokuwa mtoto Tukuyu, miaka ya 1970, gari la sinema likija tulikaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira, ukungu umetushukia, jenereta inanguruma nyuma yetu. Tukiwa na adabu, fundi alimalizia kwa kuurudisha mkanda kinyumenyume huku taa inawaka: mtu aliyejitosa mtoni anachomoka majini miguu ikitangulia, anatua ukingoni, mkavu. Tulishangilia mpaka sauti zinakauka.

Nilipoiona filamu yako nikiwa mtu mzima, nilimkumbuka fundi yule. Mwongozaji, J. Searle Dawley, alifanya vilevile: sanamu ilichomwa moto mbele ya kamera, kisha picha zikageuzwa nyuma mbele. Kilichokuwa kinamomonyoka kikawa kinajijenga, nyama ikapanda juu ya mifupa, mkono ukapunga. Ndipo anatokea mwigizaji Charles Ogle na nywele zake timutimu. Radi na mitambo ya umeme tuliyoizoea ililetwa na filamu za baadaye. Mary Shelley mwenyewe haelezi waziwazi kiumbe alitengenezwaje, kwa hiyo Dawley ilibidi abuni, na mimi kwa ubunifu ule namvulia kilemba.

Kuhusu kiumbe kunyamazishwa, inaniuma kama inavyokuuma wewe. Maneno yake ya upweke ndiyo moyo wa kitabu. Lakini rudia mwisho, pale kwenye kioo: anatoweka yeye, sura yake inabaki kiooni, na Frankenstein akisimama hapo anaiona ile badala ya yake, hadi inafifia. Hapo walilipa sehemu ya deni.

Na usidhani watazamaji wa 1910 walikaa kimya kama wewe na simu yako. Palikuwa na mpiga piano ukumbini, na kampuni ilichapisha hata mapendekezo ya muziki: kiumbe anapojitokeza, upigwe muziki wa Der Freischütz, opera (mchezo wa kuimbwa) ya mtunzi Mjerumani Weber. Ni kama mabanda ya video ya Mwanjelwa, Mbeya, enzi zetu, mtafsiri na maiki yake. Asipokuja, nusu ya watu wanadai hela zao.

Kwa hiyo mkalishe mdogo wako mbele ya simu hiyo na kinanda chake. Kwenye moto apige kwa nguvu zote. Ikifika kwenye kioo, apunguze pole pole.