Korongoni mlima umepinduliwa: kwa unayeanza kupiga picha jangwani Arizona na Utah

Naishi Phoenix, Arizona, mwaka wa tisa sasa. Kila baada ya muda napata ujumbe wa mtu aliyehamia huku au anayekuja kutembelea ndugu: "Kaka, nataka kwenda kupiga picha jangwani, ninunue kamera gani?" Nami huuliza kwanza atabeba lita ngapi za maji. Kamera uliyonayo inatosha, hata ya simu. Wengi hushindwa kwa sababu ya maji na saa.

Nianze na Grand Canyon, korongo kubwa la hapa Arizona, maana ndiko kila mgeni anakokimbilia. Sisi tuliozoea milima ya nyumbani, miili yetu inatudanganya pale. Kilimanjaro unapanda ukiwa na nguvu na unashuka ukiwa umechoka. Kadiri unavyoendelea baridi inakuzidi, na mwili unakuambia mapema kwamba imetosha. Korongoni ni kinyume. Ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mto Colorado uko zaidi ya mita 1,300 chini ya pale ulipoegesha gari. Unaanza na mteremko, hewa ya asubuhi ni tulivu, kila kona ina picha nzuri kuliko ile uliyoiacha. Wakati huo huo joto linapanda wewe ukishuka, na huko chini linaweza kuzidi la ukingoni kwa nyuzi 10 au zaidi. Mlima wote unaubeba wakati wa kurudi, jua likiwa utosini.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi Juni, niliteremka njia ya South Kaibab na chupa mbili za nusu lita. Njia ile haina bomba wala kisima popote. Nilikuwa nafuata mwanga uliokuwa ukishuka taratibu kwenye kuta za ng'ambo, na kila nilipotaka kugeuka nilijiambia kona moja tu. Nilipogeuka ilikuwa saa nne na nusu asubuhi na chupa zote zilikuwa tupu. Nikawa nahesabu hatua 20, nasimama, hatua 20, nasimama. Vidole vilitetemeka hadi nikashindwa kufungua zipu ya mkoba. Mama mmoja aliyekuwa akipanda nyuma yangu alinikalisha kwenye kivuli cha mwamba, akanipa maji kidogo kidogo na biskuti za chumvi, wala hakuondoka mpaka nilipoweza kusimama. Sikumuuliza hata jina, na hilo linaniuma hadi leo.

Biskuti zile zina somo lake. Jasho linatoka na chumvi. Ukitoka jasho saa nyingi huku unakunywa maji matupu tu, chumvi ya damu inashuka: kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa. Mwenzako anadhani ni kiu, anakuongezea maji, na hali inazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo beba karanga au korosho za chumvi, ule hata kama huna hamu. Maji, hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku ya joto, na mengine yabaki kwenye gari.

Tangu siku ile, saa ya kugeuka naipanga kabla sijafunga mlango wa gari, na ninaitamka kwa sauti ili mwenzangu aisikie. Kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka, basi theluthi moja ya muda na ya maji ndiyo ya kushukia. Ikifika, tunageuka, hata kama mbele kuna mwanga wa ajabu. Walinzi wa hifadhi wanashauri kipindi cha joto watu wasitembee ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku hiyo hiyo. Mpiga picha hapotezi kitu hapo, maana mwanga wa saa hizo ni mkali, mweupe, unafuta rangi zote za miamba.

Sasa saa yenyewe. Arizona haisogezi saa kipindi cha joto. Utah inasogeza, na nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya Arizona, nayo inasogeza. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Novemba, mji wa Page, unaofuata saa ya Arizona, na Monument Valley, bonde lililo nchi ya Wanavajo, vinapishana kwa saa nzima. Simu ikinasa mnara wa upande wa pili inabadilika bila kukuambia. Vaa saa ya mkononi, uiwekee majira ya mahali ulipolipia ziara.

Antelope Canyon iko karibu na Page, kwenye ardhi ya Wanavajo, na huingii bila kiongozi wao. Watu huzifuata zile nguzo za jua zinazoshuka adhuhuri, lakini mimi napenda zaidi kuta zisizoguswa na jua moja kwa moja. Mwanga unaingia juu, unagonga ukuta huu, unarukia ule, na kila unaporuka unachukua rangi ya jiwe: manjano juu, chini yake chungwa, halafu nyekundu, na miguuni karibu zambarau. Mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance) usiuache kwenye otomatiki, kwa sababu kamera itajitahidi kuiondoa hiyo nyekundu. Chagua alama ya jua au ya mawingu. Na anga lisiingie kwenye fremu hata kipande, litaungua na kuwa doa jeupe.

Korongo hilo hilo, tarehe 12 Agosti 1997, mafuriko yaliua watalii 11. Mvua iliyoleta maji yale ilinyesha kilomita nyingi mbali. Aliyekulia karibu na mito ya msimu anaelewa: mchanga mkavu, mbingu safi, kisha ngurumo ya maji. Msimu wa mvua za radi huku ni katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba. Tazama utabiri wa kule maji yanakotoka, na kiongozi akisema leo hatuingii, usibishane naye.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa watu wetu: usimpige Mnavajo picha bila kumwomba, na akikataa, shusha kamera. Sisi tunajua ladha ya kupigwa picha na mtalii aliyeteremka kwenye gari bila hata salamu. Droni nayo iache nyumbani, ni marufuku Monument Valley na ndani ya hifadhi za taifa.

White Sands, kule New Mexico, mchanga ni mweupe kama chumvi na kamera huufanya wa kijivu. Ongeza mwanga hatua moja (+1 kwenye kamera), na usibadilishe lenzi kwenye upepo.

Safari ya kwanza, ningekupeleka Saguaro, hifadhi ya mikaktasi iliyo Tucson, Arizona, mwezi Januari. Njia ni fupi, jua ni la upole, na ile mimea mirefu yenye mikono inasimama vizuri mbele ya machweo. Angalia tu mmea mfupi uitwao cholla. Vipande vyake hung'oka kwa kuguswa kidogo na kung'ang'ania ngozi, na ukivivuta kwa mkono vinahamia mkononi. Weka chanuo mfuko wa nje wa mkoba. Lipenyeze kati ya kipande na ngozi, rusha kwa mkupuo mmoja mbali na wewe na wenzako, kisha toa miiba iliyobaki kwa kibano.