Viazi vya mwisho wa masika na pipa la mboji linalonuka

Shikamoo bibi. Nipo Lukozi, Lushoto. Nilichelewa, mbegu ya viazi nikaiweka mwishoni mwa Mei. Sasa majani yana mabaka meusi, na asubuhi chini ya jani kuna utando mweupe. Shamba ndiyo limekwisha?

Marahaba mwanangu. Halijakwisha, ila usilale. Hiyo ni bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, wakafa watu wapatao milioni 1. Unapenda baridi na unyevu. Kwenu huko mvua za masika zikishapungua, umande nao hubaki majanini mpaka jua liwe juu, na huo unautosha.

Leo hii ng'oa mashina yaliyoshikwa, yatie kwenye gunia, yatoe shambani ukayafukie mbali. Usiyatupe pembeni mwa tuta wala kwenye mboji. Maji yapitishe mferejini kati ya matuta, usimwagilie juu ya majani. Dawa ya ukungu mwulize bwana shamba, na ujue kwamba inakinga jani zima, haifufui lililokwisha kuwa jeusi. Kisha pandishia udongo kwenye mashina, maana vimelea huteremka na maji mpaka kwenye kiazi. Kiazi kilichofunikwa vizuri kinapona.

Ukiona zaidi ya nusu ya majani yameungua, kata mashina yote usawa wa ardhi, uviache viazi chini wiki mbili ganda likomae, ndipo uchimbe siku kavu. Vitakuwa vidogo, lakini vitakaa. Najua inauma kufyeka shamba ambalo juzi lilikuwa kijani. Mwaka mmoja nilisubiri nikitumaini vitanenepa, nikavuna viazi vyenye kahawia ndani, vikaozea guniani karibu vyote.

Kagua pia kama kuna shina linalonyauka mchana huku majani yake bado kijani. Hilo ni jambo jingine. Likate karibu na ardhi, ulishike wima ndani ya glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, wala hauna dawa. Hapo usirudishe viazi, nyanya wala bilinganya kwa misimu kadhaa, weka mahindi. Mbegu ya shamba hilo usimgawie mtu, hata ndugu.

Bibi, mimi ni wa Makorora, Tanga mjini. Nataka kupanda viazi mviringo kwenye viroba uani. Vitatoka?

Majani utayapata, viazi sidhani. Kiazi mviringo hutunga vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 15 hadi 20, na likikaribia 30 kinagoma. Kiroba kilichoegemezwa ukutani pwani hii, kiguse saa nane mchana utaelewa. Kwenye kiroba hichohicho pandikiza marando ya viazi vitamu. Utachuma matembele kabla hata hujafikiria kuchimba, na mviringo utanunua Mgandini.

Nina pipa la mboji hapa Pongwe. Linanuka mpaka jirani amelalamika, na lina funza. Nimwage?

Usimwage, mali hiyo. Linanuka kwa sababu halipumui. Nahisi unatia maganda, ukoko na mabaki ya mchicha kila siku, na huweki kikavu chochote. Kila ndoo moja ya mabaki ya jikoni ifuatishe ndoo mbili za majani makavu ya mwembe au maranda ya mbao. Toboa matundu chini na ubavuni, na uligeuze kila wiki. Makumbi ya nazi yakatekate kwanza, maana yakiingia mazima utayakuta vilevile mwakani.

Kisha chota konzi moja katikati ya pipa, uiminye. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza makavu. Ikimeguka kama unga mkavu, nyunyizia maji. Ikishikamana na kiganja kikabaki na unyevu tu, umepata. Harufu itaanza kupungua ndani ya siku chache. Funza wengi wa humo wanakusaidia kula mabaki, wasikutishe. Vichwa vya samaki acha kabisa mpaka uwe mzoefu, vitakuletea panya. Na jirani, ikiiva, mpelekee ndoo moja.

Maganda ya machungwa yanafaa kwenye mboji? Huku Muheza tunayo tele.

Yanafaa. Yakate vipande, uyachanganye na samadi na majani makavu, yasikae fungu moja.

Viazi nilivyohifadhi vimeota rangi ya kijani. Nikimenya sana, watoto wanaweza kula?

Wajukuu zangu hao usiwape. Kijani chenyewe hakina neno, ila kinaonyesha kiazi kimepigwa na mwanga, na mwanga huohuo huongeza sumu iitwayo solanini. Kuchemsha hakuitoi, na kumenya hakuimalizi. Chenye doa dogo kata kwa kina. Kilichoenea kijani, au kilicho kichungu, usikipike. Vilivyobaki vitoe kwenye mfuko wa nailoni, uviweke kwenye gunia la katani mahali penye giza na hewa, mbali na jiko. Vile vya kijani vilivyochipua vizuri, kama shamba lake halikuwa na ugonjwa, vitunze. Hivyo ni mbegu.